Mume Wangu, Niletee Maji: Maneno ya Mjukuu Katika Ibada ya Shukrani ya Bibi

Ndugu wengi hamkuweza kufika kijijini Mugango, mkoani Mara, kwenye ibada ya shukrani ya Bibi, wengine kwa sababu ya kazi, wengine nauli. Mmeniomba niyaandike niliyoyasema. Haya hapa, kama yalivyotoka mdomoni.

Bwana Yesu asifiwe!

Kule nyuma sijawasikia. Bwana Yesu asifiwe!

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, mama zetu mliovaa vitambaa vyeupe, Mwenyekiti wa kijiji, majirani, wakwe, watani wetu, na ninyi watoto mliokaa mkekani hapo mbele mkiisikilizia harufu ya wali: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine hamjambo.

Nimepewa dakika kumi na tano. Mnaomfahamu Bibi mnajua hatari niliyo nayo. Alikuwa anakaa benchi la pili, upande wa wanawake, karibu na dirisha. Mhubiri akipitiliza, Bibi anakohoa. Kikohozi cha kwanza ni cha adabu tu. Cha pili maana yake funga Biblia. Cha tatu sikijui. Mchungaji mmoja mstaafu aliniambia kwamba katika utumishi wake wote hakuthubutu kukifikia. Kwa hiyo leo nazungumza huku nimetega sikio.

Mimi ni mtoto wa binti yake, na Bibi ndiye aliyenilea tangu nilipoacha kunyonya. Aliniita "mume wangu", kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Siku nilipomleta mchumba nyumbani, Bibi alimkagua kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, akamwambia, "Karibu, mke mwenzangu. Huyu mwanamume wetu anakula sana. Njoo na sufuria kubwa." Mke wangu yupo pale, mwulizeni kama alidanganywa.

Ameacha watoto sita walio hai kati ya tisa aliowazaa, wajukuu 41, na vitukuu ambao kila tukiwahesabu tunapata idadi nyingine.

Kitambulisho chake cha Taifa kinasema alizaliwa tarehe 1 Julai 1936. Tarehe hiyo ni ya ofisini. Yeye mwenyewe alijua jambo moja tu, kwamba mama yake alikuwa anatoka shambani na mvua ikawanyeshea wote wawili. Lakini mwaka tunaukubali, kwa sababu wamisionari wa kwanza wa kanisa letu la Mennonite kutoka Pennsylvania, Marekani, akina Elam Stauffer, walifika Shirati, huku huku Mara, mwaka 1934, na baba yake Bibi alikuwa miongoni mwa vijana waliochoma matofali misheni ilipoanza kutia mizizi huku kwetu. Bibi alizaliwa matofali yakiwa bado ya moto.

Sasa naomba mnivumilie kidogo na historia, maana bila hiyo hamtamwelewa Bibi. Huyu Menno Simons ambaye kanisa letu linabeba jina lake alikuwa padri huko Friesland, Uholanzi, akauacha upadri mwaka 1536. Miaka 400 kabla ya Bibi, kamili. Na kabla yake, mwezi Januari mwaka 1525, kule Zürich, Uswisi, watu wazima wachache walikutana nyumbani wakabatizana. Kwa nini? Walisema mtoto mchanga hawezi kusema ndiyo, na ubatizo bila ndiyo ya mtu mwenyewe ni maji tu. Wakuu wa mji wakakataza. Mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa kwenye mto Limmat mwaka 1527. Alibatiza kwa maji, wakamwua kwa maji.

Yaani sisi ni watoto wa watu waliokufa kwa ajili ya neno "ndiyo". Mnanielewa? Ndiyo inayotoka kwa mtu mwenyewe.

Bibi alipokuwa na miaka kumi na minne, darasa la ubatizo lilikuwa limekwisha. Nguo zimefuliwa, zimepigwa pasi ya mkaa. Baba yake sasa ni mzee wa kanisa, amekaa mbele. Mchungaji akawauliza mmoja mmoja, kila mmoja akajibu vizuri. Ilipofika zamu ya Bibi, akasema, "Bado."

Neno moja. Bado.

Fikirieni kanisa lilivyonyamaza. Baba yake hakusema naye njia nzima ya kurudi nyumbani, wala kesho yake. Alibatizwa mwaka uliofuata. Nilipokuwa mkubwa nikamwuliza, Bibi, ilikuwaje siku ile? Nilidhani nitasikia habari ya njozi au sauti kutoka mbinguni. Akanijibu, "Nilikuwa nimemwibia mama karanga, na sikuwa nimemwambia."

Ninyi vijana mnacheka, wazee hawacheki. Wazee wanaukumbuka uamsho, ule ulioanza kwa nguvu pale Shirati mwaka 1942, watu wakasimama mbele ya wenzao na kutaja dhambi zao moja baada ya nyingine, mtu anarudisha jembe la watu, mwingine anarudisha mbuzi. Bibi alikuwa mtoto mdogo, lakini alilelewa na watu wa namna hiyo. Kwao kutembea nuruni kulikuwa ni karanga, kulikuwa ni jembe. Hakukuwa na dhambi ya jumla jumla.

Sasa nasema jambo ambalo nimelifikiria sana kama niliseme, na nalisema mbele ya wazee kwa heshima zote. Bibi alisoma mpaka darasa la nne. Alikuwa wa kwanza darasani. Halafu ng'ombe wakaja. Kumi na wawili, na mbuzi juu yake. Nani alimwuliza? Kanisa lililomwuliza mara mbili kabla ya kummwagia maji kichwani halikumwuliza hata mara moja kabla ng'ombe hawajapita langoni. Babu alikuwa mtu mwema, Mungu ampumzishe, na waliishi kwa wema. Hilo halibadilishi nililosema. Bibi hakulalamika hata siku moja masikioni mwangu, ila daftari lake la darasa la nne tumelikuta juzi kwenye sanduku la bati, limefungwa kwenye kanga, na kurasa nne za mwisho ziko tupu.

Nafikiri, na haya ni mawazo yangu, mtu ambaye amewahi kunyimwa nafasi ya kusema ndiyo ndiye anayejua bei yake. Tangu hapo Bibi hakuitoa bure.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hapa kijijini wakatafuta mtu wa kufundisha kisomo, na aliyejua kusoma vizuri na hakuwa na kazi ya mshahara alikuwa mama mmoja wa watoto saba, darasa la nne. Alifundishia chini ya mwembe ule ambao baadhi yenu mmeegesha pikipiki zenu sasa hivi. Ubao aliutengeneza mwenyewe: mbao mbili zilizopigiliwa pamoja, zikapakwa unga mweusi wa betri za tochi zilizokwisha. Chaki zilikuja kwa msimu.

Wanafunzi wake wengi walikuwa wanawake. Sasa mnadhani walitaka kujua nini kwanza? Majina yao? Barua za waume zao waliokuwa mjini? Hapana. Walitaka kusoma mizani ya pamba. Mlikuwa mnabeba pamba kichwani mpaka kituoni, karani anautundika mzigo, anatazama, anataja kilo, anaandika. Nani angebisha? Kwa hiyo Bibi aliacha vitabu vya kisomo kwanza, akachora uso wa mizani ubaoni, duara kubwa, na mshale. Wiki tatu walisoma mshale tu. Msimu ulipofika, mmoja wao, yupo hapa na ameniruhusu niseme, alisimama mbele ya karani. Karani akasema, "Thelathini na nane." Yeye akasema, "Baba, mshale uko kwenye arobaini na tatu." Karani akatazama tena. Akaandika arobaini na tatu. Na foleni yote iliyokuwa nyuma ikaanza kurefusha shingo.

Kwa ajili hiyo Bibi alijiita mwalimu maisha yake yote. Nyerere alipofariki Oktoba 1999 na kuletwa kuzikwa Butiama, Bibi alivaa kitambaa chake cheupe akapanda gari la watu wa msiba. Wakamwuliza, mama, wewe ni ndugu wa marehemu? Akasema, "Nakwenda kumzika mwalimu mwenzangu."

Babu alifariki mwaka 1983. Ile ilikuwa miaka ya foleni, mnaikumbuka, mche wa sabuni unakatwa vipande kama mkate, sukari ya kupimiana kwa kijiko. Tanga lilipoanuliwa, wazee wa ukoo walikuja kuzungumza habari ya nani atamrithi mjane. Ilikuwa ni desturi, hawakuja kwa ubaya. Bibi aliwapikia chai, akaweka sukari yote aliyokuwa nayo ndani ya nyumba. Wakanywa. Wakasema neno lao. Akawaambia, "Siyo." Wakaja mara ya pili, akawapa chai isiyo na sukari. Mara ya tatu akawapa maji ya moto. Hawakurudi tena.

Basi, mnaona? Bado. Siyo. Maneno mafupi. Kuna watu hapa waliwahi kumwita mkaidi, na walikuwa na haki.

Lakini sitaki mwondoke hapa mkidhani Bibi alikuwa mtu wa kukataa tu. Twendeni kwenye beseni.

Wageni wetu wa madhehebu mengine huenda hamjui kwamba sisi kwenye Meza ya Bwana tunatawadhana miguu, kama Yesu alivyowatawadha wanafunzi wake katika Yohana 13. Wanawake upande wao, wanaume upande wao, wawili wawili, beseni na taulo. Unaosha, unaoshwa, mnasalimiana. Na kabla ya siku hiyo, kama una neno na mwenzako, unatakiwa umalize kwanza. Wengi wetu tunamaliza kwa ujanja. Unafanya nini? Unamtafuta rafiki yako mapema, mnakaa pamoja, mnaoshana miguu ambayo haina shida na mtu. Au nasema uongo?

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walihamishwa, nyumba zikabomolewa, na mipaka ya mashamba ikavurugika. Tuliporudi kulima kule kwa zamani, mkonge wa mpakani ulikuwa umesogea. Haukusogea wenyewe. Bibi na jirani yake wakaacha kusalimiana. Miaka minane. Wanakutana kisimani, huyu anatazama ziwani, huyu anatazama mlimani. Na wote wawili ni Wamennonite, wote wana vitambaa vyeupe, wote wanashiriki Meza ya Bwana, kila mmoja na rafiki yake.

Siku moja, Bibi mwenyewe alinisimulia, wanawake wamekaa tayari, yeye akanyanyuka pale alipokuwa, akalibeba beseni, akazunguka nyuma ya benchi mpaka mbele ya yule mama. Akapiga magoti. Yule mama akaivuta miguu ndani ya gauni. Bibi akangoja. Maji yakaanza kupoa. Mwisho mguu mmoja ukatoka.

"Mume wangu," aliniambia, "visigino vyake vilikuwa vimepasuka nyufa kubwa, na ndani ya zile nyufa mlikuwa na udongo mwekundu. Nikautambua. Ulikuwa udongo wa shamba langu."

Akauosha udongo wa shamba lake kutoka kwenye mguu wa mtu aliyelichukua. Taratibu, ufa kwa ufa, mpaka maji yakawa kama chai ya rangi.

Sasa mnataka niwaambie kwamba jirani alilia, akarudisha shamba. Hapana. Shamba halikurudi. Mpaka leo liko kwao. Ila kesho yake kisimani yule mama alimsaidia Bibi kujitwika ndoo, na wanaopika wali mnaoungoja leo, watatu kati yao ni wajukuu zake. Msinitazame hivyo, sijaja hapa kudai shamba.

Sasa nakuja kwenye jambo langu mwenyewe. Nimelibeba miaka mingi, na kama kuna mahali pa kulisema ni hapa.

Mwaka 1998, mvua za El Nino zilipokuwa zimekwisha kutuharibia barabara, nilikuwa na miaka kumi na saba. Ilikuwa siku ya gulio. Kijana mmoja kutoka vijiji vya juu akashikwa na baiskeli ya mtu. Mnajua inavyokuwa. Mmoja anapaza sauti, "Mwizi!" na kabla hujameza mate wamekuwa mia. Alikuwa ameshapigwa. Ameanguka kwenye matope karibu na mti wa wauza samaki, shati limechanika, jicho moja limefumba. Mtu amekwenda kutafuta tairi.

Nami nilikuwepo. Nilikuwa na jiwe mkononi. Halikuwa kubwa, lakini lilikuwa jiwe, na nilikuwa naangalia mahali pa kulitupa.

Bibi alikuwa ameketi na kapu lake la udaga. Alinyanyuka. Hakupiga kelele, hakusema "jamani acheni", wala hakutaja jina la Bwana. Alipenya katikati ya watu, maana mwanamke mzima akipita watu wanasogea bila kufikiri, akafika pale, akakaa chini matopeni kando ya yule kijana, akanyoosha miguu yake yote miwili kama mtu anayepumzika baada ya kulima. Kitambaa cheupe kichwani. Watu wakamwambia, mama ondoka, utaumia. Hakujibu. Akawa anapangusa matope kwenye sketi yake.

Halafu akainua macho, akawapitia watu wote, mmoja mmoja, akafika kwangu. Akaona mkono wangu. Nilijua ameona.

Akasema, kwa sauti ile ile ya nyumbani, "Mume wangu, niletee maji."

Ndugu zangu, hamwezi kubeba kikombe cha maji na jiwe kwa mkono mmoja. Na mkono wa pili nilikuwa nimeshikilia mkebe wa mafuta aliyonituma. Kwa hiyo nililiangusha jiwe. Mbele ya wenzangu wote. Nikaenda kwa mama muuza chai, nikapewa maji kwenye kikombe cha bati, nikarudi nayo, watu wakanipisha. Bibi akanywa funda moja, kisha akampa yule kijana. Alikuwa anatetemeka, meno yanagonga bati. Mpaka leo nikisikia kijiko kinagonga kikombe nausikia ule mlio.

Ukiwa na kiu ya kuua, halafu mbele yako mtu anakunywa maji, kitu fulani kinalegea. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Mwenye tairi alifika, akakuta watu wanatazamana. Mgambo wakaja, wakamchukua kijana kituoni.

Jioni ile nilingoja kugombezwa. Hakunigombeza. Alinipa uji wa ulezi, akaniambia, "Usinywe kwanza. Utazame." Nikautazama. Ukapoa juu, ukafanya utando, mnaujua ule utando. Akauwekea kidole kidogo katikati, ukashikilia. Akabonyeza, ukapasuka, kidole kikazama. Akasema, "Kule Ulaya maji ya ziwa hufanya hivi kwa baridi. Mtu anatembea juu yake."

Ndipo akanisimulia habari za Dirk Willems, ambaye wengi wenu mlimsikia darasa la ubatizo. Alikuwa Mholanzi, wa huko Asperen, mwaka 1569. Alifungwa kwa sababu alibatizwa akiwa mtu mzima na kuruhusu wengine wabatizwe nyumbani kwake. Akatoroka. Akakimbia juu ya maji yaliyoganda, mwembamba kwa chakula cha gerezani, utando ukamhimili. Aliyekuwa anamfukuza nyuma alikuwa ameshiba. Ukapasuka, akazama. Dirk akasikia kelele, akageuka, akarudi, akamvuta mtu yule mpaka akatoka. Akakamatwa pale pale, akachomwa moto.

Nikamwuliza Bibi, yule aliyeokolewa hakumwacha aende? Akaniambia, "Alitaka kumwacha. Lakini mkubwa wa mji alikuwa ng'ambo, akampigia kelele akumbuke kiapo chake." Akaumaliza uji wangu mwenyewe, kijiko kwa kijiko, nikiwa namtazama. "Kiapo ndicho kilichomwua Dirk."

Mnaona kwa nini alikuwa vile mahakamani? Wengi mlikuwepo. Ilikuwa kesi ya ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya watu, mahakama ya mwanzo, Bibi ameitwa shahidi. Karani akampa Biblia aishike aape. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua Mathayo 5, akamrudishia karani ikiwa wazi, akasema, "Mwanangu, nisomee hapo mstari wa thelathini na nne." Karani akasoma: msiape kabisa. Hakimu alijizuia asicheke, akasema sheria inamruhusu athibitishe tu kwamba atasema kweli. Bibi akasema, "Ndiyo."

Na akasema kweli. Kwamba ng'ombe walikuwa wa mwanawe, kwamba aliwaona mwenyewe, walikuwa sita na si wawili. Mjomba yupo pale. Leo anacheka. Siku ile alilipa magunia manne.

Kuhusu yule kijana wa baiskeli: mwaka uliofuata jembe la Bibi lilitoweka uani, na watu watatu walimwona nalo. Hakurudi kamwe kusema asante. Nilimwambia Bibi, unaona? Akasema, "Nimeona. Nenda dukani ukaninunulie mpini, jembe la zamani lipo."

Kabla sijamaliza, haki itendeke, alikuwa na makosa yake. Dada yangu alipopata ujauzito kabla ya ndoa, Bibi hakwenda kwenye harusi yake. Alikaa nyumbani akichambua maharage, mlango umefungwa, na dada yangu alipita pale mbele na gari la harusi. Ilimchukua miaka mitano. Kisha Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, akasimama pale benchi la pili, akasema mbele ya kanisa zima, "Nilimnyima mjukuu wangu uso wangu siku yake. Ilikuwa kiburi." Dada, najua ilikuwa imechelewa. Naye alijua.

Na sukari! Tangu miaka ya foleni hakuwahi kuamini kwamba sukari itaendelea kuwepo. Juzi tulipofungua sanduku, chini ya kanga, chini ya cheti cha ubatizo na lile daftari, tumekuta mfuko wa kilo mbili umeganda kuwa jiwe. Hakuna anayejua ni sukari ya mwaka gani. Mama zangu wameipondaponda kwa mchi asubuhi hii. Mmeinywa kwenye chai.

Wiki zake za mwisho alikuwa kwa mama yangu, Musoma mjini. Miguu ilikuwa imevimba. Jioni moja nikamwambia, Bibi, nikuoshe. Akakubali, nikashangaa. Nikaleta beseni, nikapiga magoti, nikaanza. Akaniangalia juu juu kwa muda, halafu akasema, "Nani alikufundisha? Hawaanzii vidoleni. Unaanza kisigino, ndiko kwenye uchafu. Na haya maji ni ya baridi."

Nikaenda kuyapasha. Nikarudi, nikaanza kisigino. Visigino vyake vilikuwa na nyufa pia, na ndani yake mlikuwa na udongo, sijui wa wapi, maana alikuwa hajashika jembe miezi minane. Niliosha ufa kwa ufa. Akasinzia nikiwa bado na mguu wa pili.

Nilikuwa na mambo mengine mawili ya kusema, la kitukuu na redio, na la safari ya Shirati. Lakini namwona mama yangu pale benchi la pili, karibu na dirisha, amejifunika mdomo kwa kanga.

Mama, hicho ni cha ngapi?

Cha pili. Haya, nimesikia. Nakaa.